Unpaywall kwa msomaji asiye na chuo: nyota nne na manung'uniko kadhaa

Sina kitambulisho cha chuo kikuu. Nilikuwa nacho, kikaisha muda wake, na nenosiri la maktaba likafa siku hiyohiyo. Sasa nasimamia rafu chache za chumba cha kusomea kwa kujitolea, na jioni, kazi zikipungua, nasoma utafiti kuhusu maktaba zenyewe: kwa nini mtu huingia, akazunguka rafu, akaondoka bila kuuliza, kwa nini katalogi inayomfurahisha mkutubi humchosha msomaji, ni nani hasa hafikiwi na habari, na kwa sababu gani. Hayo yote yamechunguzwa miaka mingi na watu makini. Kazi ni kuyapata.

Sijui kama ipo fani yenye kejeli kuliko hii. Unakuta makala kuhusu haki ya kupata habari, unasoma ikisiri, hamu inakupanda, halafu kitufe cha kununua kinakusimamia mbele. Mwandishi kwa kawaida hakulipwa na jarida kwa kuiandika. Wahakiki nao hawakulipwa kwa kuihakiki. Anayetakiwa kulipa ni wewe, na pengine unachouziwa ni ruhusa ya kuisoma kwa siku moja au mbili tu.

Ndiyo maana naandika kuhusu Unpaywall, ambayo nimeitumia kiasi cha kuipenda na kuichoka.

Ni programu ndogo unayoiongeza kwenye kivinjari cha kompyuta. Ni ya bure, na haidai ufungue akaunti. Walioitengeneza ni OurResearch, shirika lisilo la faida lililoanzishwa na Jason Priem na Heather Piwowar. Ukiisha kuiweka unaisahau, mpaka siku utakapofungua ukurasa wa makala ya kitaaluma: pembeni kulia kinachomoza kijisanduku chenye kufuli. Likiwa la kijani na limefunguka, ipo nakala halali ya bure mahali fulani. Unabofya na faili inakuja. Likiwa la kijivu, haikuipata. Hakuna menyu ya kujifunza wala fomu ya kujaza, na kwa hilo peke yake wametangulia mbali mifumo ya maktaba niliyowahi kuitumia.

Nyuma ya kufuli kuna kazi kubwa. Programu inasoma DOI ya makala, ile namba ya utambulisho inayoanza na 10, kisha inaulizia kwenye hifadhidata iliyokusanya taarifa kutoka kwa wachapishaji na hazina za kidijitali zaidi ya 50,000. Hazina hizo nyingi ni za vyuo vikuu, ambako watafiti huweka nakala za kazi zao. Kwa hiyo Unpaywall haimvunjii mtu mlango. Inajua tu ni wapi mwenye makala aliacha nakala nyingine, jambo ambalo ukurasa wa mchapishaji haukutajii. Haigusi Sci-Hub, tovuti inayogawa makala bila ruhusa ya wachapishaji, na hata nakala zilizopakiwa ResearchGate au Academia.edu, mitandao ya kijamii ya watafiti, haizihesabu, kwa kuwa uhalali wake hauna uhakika. Wapo wanaoliona hilo kama udhaifu. Mimi nalipenda, maana kiungo ninachokipata nampa msomaji mwingine bila kuangalia nyuma.

Kuna kipengele kimoja kwenye mipangilio ambacho wengi hawakifungui: kuonyesha rangi kwa aina ya uhuru wa makala. Kifungue. Kufuli la dhahabu maana yake jarida lenyewe ni huria, yaani kila mtu analisoma bure. La kijani maana yake nakala iko kwenye hazina, si kwa mchapishaji. La shaba ndilo la kuangalia kwa makini: makala inasomeka bure kwenye tovuti ya mchapishaji, lakini haina leseni yoyote ya uhuria. Leo imefunguliwa, kesho mchapishaji akibadili mawazo anaifunga, na huna pa kulalamika. Ukiona shaba, pakua hapo hapo. Usihifadhi kiungo ukidhani utarudi.

Rangi ya kijani nayo ina mtego wake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wasomaji wapya wanapochanganyikiwa. Nakala iliyoko kwenye hazina mara nyingi si ile iliyopangwa na jarida. Inaweza kuwa mswada kabla ya kuhakikiwa, au mswada uliokubaliwa, yaani umeshahakikiwa na kusahihishwa lakini bado haujapambwa na mchapishaji. Huo wa pili kwa maudhui unatosha kabisa: hoja, majedwali na takwimu ni zilezile. Kinachokosekana ni namba za kurasa za jarida. Ukitaka kunukuu ukurasa wa 214, mswada wako una kurasa 1 hadi 31, na hapo lazima utaje sehemu au aya badala ya ukurasa. Mswada ambao haujahakikiwa ni habari nyingine. Huo usome ukijua kwamba huenda hitimisho lilibadilika baadaye. Hifadhidata ya Unpaywall inajua tofauti ya matoleo haya na inairekodi, lakini kufuli halikuambii. Kwa nini mambo muhimu kiasi hicho yafichwe kwa msomaji wa kawaida? Nyota niliyoipunguza, robo yake ni hapa.

Je, kufuli hugeuka kijani mara ngapi? Mwaka 2018 Piwowar, Priem na wenzao walichapisha uchunguzi kwenye jarida la PeerJ, wakitumia sampuli tatu za makala 100,000 kila moja. Walikadiria kwamba angalau 28% ya makala zote za kitaaluma zilikuwa huria. Ila walipoangalia zile ambazo watumiaji wa Unpaywall walikuwa wakizifungua kweli, ilikuwa 47%. Tofauti hiyo ina maelezo: watu husoma zaidi makala mpya, na mpya huwa huria zaidi kuliko za zamani. Ndiyo, najua, ni muuzaji anayepima kwa mizani yake mwenyewe. Lakini data waliiweka wazi, kila mtu aweza kuirudia, na kwa uzoefu wangu nusu kwa nusu si mbali na ukweli.

Kwa utafiti wa maktaba nilitegemea zaidi ya nusu. Wakutubi ndio wanaohubiri ufikiaji huria kila kongamano! Na kweli wapo waliolipa gharama ya mahubiri yao. Machi 2013, mhariri Damon Jaggars na bodi nzima ya Journal of Library Administration walijiuzulu kwa sababu ya masharti ambayo mchapishaji, Taylor & Francis, aliwawekea waandishi. Mwaka 2019 bodi ya Journal of Informetrics ilimwacha mchapishaji wake, Elsevier, ikaanzisha jarida lake huria, Quantitative Science Studies. College & Research Libraries, jarida la tangu 1939, liko wazi kwa kila mtu tangu 2011. Information Research limekuwa la bure tangu Tom Wilson alipolianzisha mwaka 1995, wakati wengine bado wanajiuliza intaneti ni ya nini.

Lakini Holly Mercer alipochunguza kama wakutubi wa vyuo vikuu wanatenda wanachohubiri, akitumia makala za mwaka 2008, alikuta wamefika karibu nusu ya njia. Utafiti huo ulitoka 2011 na mambo yamesogea tangu hapo. Hata hivyo kufuli la kijivu bado hunitokea kwenye makala ambazo kichwa chake kina maneno "ufikiaji" na "usawa", na kila mara nacheka kidogo, cheko lisilo la furaha.

Kinachoniuma zaidi ni makala za zamani. Chukua kazi za Elfreda Chatman. Huyu mama aliwachunguza wafanya usafi wa chuo kikuu, wanawake wazee katika makazi ya wastaafu, na wanawake walio gerezani, akitaka kujua watu wa chini wanapataje habari na kwa nini wengine wanaziepuka. Aligundua kwamba umaskini wa habari si suala la pesa na vifaa tu. Mtu anaweza kuficha shida yake kwa makusudi, hata mbele ya anayeweza kumsaidia, kwa sababu anahofia gharama ya kujulikana. Nikimwona mtu anazunguka rafu bila kuuliza, ni Chatman aliyenifundisha nisimkimbilie na maswali. Makala zake kuu za 1996 na 1999 zilitoka katika jarida la wanasayansi wa habari linalochapishwa na Wiley. Yeye alifariki Januari 2002, na tamko la Budapest la ufikiaji huria lilikuwa bado halijatangazwa, lilikuja Februari. Mwandishi aliyefariki hawezi kuingia kwenye hazina ya chuo na kupakia mswada wake, na Unpaywall haiwezi kupata kisichowekwa. Hilo si kosa la programu, ila ndilo linalofanya kizazi kizima cha utafiti kibaki nyuma ya kufuli la kijivu wakati makala za jana zinang'aa kijani.

Upungufu mwingine uko kwenye muundo wenyewe. Pasipo DOI, Unpaywall ni kipofu. Kutoa DOI kunahitaji jarida liwe na uanachama na kulipia, na majarida madogo mengi, hasa yanayochapisha kwa lugha zisizo Kiingereza, hayakuwahi kufanya hivyo. Crossref, shirika linalosajili DOI, ilianza mwaka 2023 kuyasamehe ada mashirika ya nchi zenye kipato cha chini kabisa, jambo jema, lakini matoleo ya nyuma hayajipi namba yenyewe. Ripoti, tasnifu na mada za makongamano zisizo na DOI pia hupita bila kuonekana, na katika fani ya maktaba hizo ndizo zenye nyama.

Kwa hiyo naitumia pamoja na vitu viwili. Cha kwanza ni E-LIS, hazina ya kimataifa ya kazi za ukutubi na sayansi ya habari, inayoendeshwa na wahariri wa kujitolea tangu 2003. Sura yake ni ya kizamani, lakini ina mada za makongamano na ripoti za lugha nyingi, na imepangwa kwa mfumo wake wa masomo uitwao JITA. Herufi C, ya watumiaji na usomaji, ndiyo ninayoipekua zaidi. Cha pili ni DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanza 2003 pale Chuo Kikuu cha Lund, Sweden. Humo jarida lisilo na DOI halidharauliwi, na kabla ya kuingizwa linakaguliwa, kwa hiyo unaepuka majarida ya kitapeli.

Jambo la faragha. Wakati wa kuiweka, kivinjari kitakuonya kwamba programu itaweza kusoma kurasa unazozitembelea. Haina budi, kwani lazima ione DOI iko wapi. Lakini sisi wa maktaba tumelelewa kuamini kwamba anachosoma mtu ni siri yake, kwa hiyo nimetenga wasifu mmoja wa kivinjari kwa ajili ya utafiti tu. Benki na barua pepe zinabaki kwenye wasifu mwingine. Dakika tano za kazi.

Kwenye simu, Chrome haipokei programu za namna hii. Huko natafuta kichwa cha makala katika Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta kazi za kitaaluma, na kugusa kiungo cha matoleo yote kilicho chini ya tokeo. Hupata hata zaidi ya Unpaywall, maana huokota chochote kilichoko mtandaoni, lakini haikuhakikishii kwamba kilichopo kiliwekwa kihalali. Kazi hiyo inabaki kwako.

Na likiwa kijivu kila mahali? Ulizia kwanza kwenye maktaba ya umma kama wanaazimana makala na maktaba nyingine. Wengi hawajui kwamba huduma hiyo ipo, na haionekani kwenye skrini yoyote. Halafu mwandikie mwandishi, ikiwa yu hai. Anwani huwa kwenye ukurasa wa ikisiri. Mistari mitatu inatosha: wewe ni nani, makala gani, na kwamba unaomba mswada uliokubaliwa, si faili ya jarida. Taja mswada kwa jina, kwa sababu hiyo ndiyo nakala ambayo mikataba mingi humruhusu kuigawa, na ukimwomba faili ya jarida unamweka njia panda. Wanaojibu hujibu kwa ukarimu, na wengine hutuma makala nyingine mbili ambazo hukuziomba.

Sehemu kubwa ya nyota ya tano naizuia kwa sababu hiyo. Kufuli la kijivu lingeweza kukuonyesha njia hizo mbili, ya maktaba na ya mwandishi. Kwa sasa linasema tu kwamba halikupata.