Bima ya macho kwa sisi wa Mtwara na Lindi: ipi ulipie, ipi uachane nayo

Minada ya korosho ikishaanza kulipa, kila mwenye kitu cha kuuza anakumbuka kwamba kusini kupo, wa bodaboda, wa bati, wa sola, na siku hizi na mawakala wa bima nao wamo. Kwenye hayo makaratasi yao kuna kipengele cha macho, na watu wanauliza nitoe hela au niache? Jibu langu fupi: bima lipia kwa ajili ya ugonjwa wa macho, miwani jinunulie mwenyewe. Najua kuna watakaobisha ila ngoja tupige hesabu kwanza.

Tuelewane kitu kimoja. Ukisoma mambo ya Marekani utakuta bima ya macho inauzwa peke yake, unalipia kila mwezi unapata kupimwa na posho ya fremu. Huku kwetu macho yamo ndani ya bima ya afya, na kampuni binafsi mara nyingi zinaweka miwani na meno kama nyongeza ya kulipia juu ya bima ya kawaida. Kwa hiyo swali lako ni kama hiyo nyongeza inarudisha hela yake.

Tuseme nyongeza ni laki moja kwa mwaka, kikomo cha miwani ni laki mbili, na miwani unapewa mara moja kila miaka miwili. Miaka miwili umetoa laki mbili, umepata miwani ya laki mbili, sare. Hapo bado hujaambiwa kwamba ukijiunga leo kuna miezi ya kusubiri kabla hujaruhusiwa kuitumia, au kwamba lenzi zinazobadilika rangi juani unajazia mwenyewe, au kwamba duka lenye mkataba na hiyo kampuni liko Dar. Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 550, piga nauli kwenda na kurudi, piga pa kulala, hiyo miwani ya bure imekuwa ghali kuliko ya dukani kwako. Weka namba zako halisi, hesabu ni hiyohiyo.

Sasa nazipanga njia za kugharamia macho kwa jinsi ninavyoona mimi.

Ya kwanza ni bima uliyonayo tayari. Mwalimu, nesi, askari, mtumishi wa halmashauri, mshahara wako unakatwa asilimia 3 na mwajiri anaweka 3 nyingine NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), na kadi inabeba mwenza na wategemezi wanne. Yaani unalipa kila mwezi halafu bado unataka kumlipa wakala mwingine? Itumie hiyo kwanza. Nenda kliniki ya macho Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, wa Lindi mna Sokoine, wa Masasi na Nachingwea wengi wanakimbilia Ndanda. Kabla hujapanga foleni pita dirisha la bima uulize miwani wanampa nani kwenye familia, kila baada ya muda gani, na mwisho shilingi ngapi, maana watu wengi wanajulia hilo dukani wakati fremu washaichagua.

Ya pili, na hii ndo ya wengi wetu wakulima, wavuvi na mama lishe, ni bima ya kaya pamoja na kibubu cha miwani. CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii) tuliyoizoea ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka. Tangu ipite Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 vifurushi vimekuwa vikipangwa upya, kwa hiyo bei ya sasa muulize mtendaji wako wa kijiji au mtaa. Usitegemee ikununulie fremu. Kazi yake ni kukuingiza kwa daktari na kukupa rufaa bila kuuza gunia.

Na kwa nini nang'ang'ania ugonjwa? Chukua presha ya macho (glakoma). Ile aina ya kawaida haiumi, haiwashi, jicho halitoi machozi, inakula uoni kutokea pembeni taratibu na wewe unaona mbele vizuri tu, ukija kushtuka unajigonga kwenye mlango, na kilichopotea hakirudi. Dawa yake mara nyingi ni matone ya kila siku mpaka mwisho wa maisha na kurudi kliniki kila baada ya miezi kadhaa. Hiyo ndo gharama inayomwangusha mtu, sio fremu ya mara moja. Mtoto wa jicho naye hatibiki kwa matone hata uambiwe nini na muuza dawa wa kwenye basi, ni upasuaji na kuwekewa lenzi ya bandia. Mwenye kisukari anatakiwa achunguzwe nyuma ya jicho kila mwaka hata kama anaona vizuri. Kama nyumbani kuna mzee, au kuna mtu wa sukari, au mzazi alipofuka kwa presha ya macho (inatembea kwenye ukoo hiyo), usiulize kama bima inalipa, inalipa. Muulize tu wakala jina la dawa yenu lipo kwenye orodha yao au halipo, na kama ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga wanauhudumia.

Halafu kuna salfa. Kuanzia Mei, Juni hivi mashine zinapuliza mikorosho kuanzia Newala, Tandahimba mpaka Ruangwa na vijana wanarudi macho mekundu kama pilipili. Miwani ya kuziba ya kufanyia kazi ni bei ndogo na hakuna bima itakayokununulia, nunua. Ikiingia jichoni osha kwa maji safi mengi, muda mrefu, ukiona inaendelea kuuma nenda kituoni.

Ya tatu ndo hiyo nyongeza ya kampuni binafsi. Sio mbaya kwa kila mtu. Kama mwajiri analipa, chukua bila kujiuliza. Kama una watoto wawili au watatu wanaovaa miwani pia inaweza kukulipa kwa sababu mtoto anakua na namba inabadilika, na fremu wanakalia, ila hapo hakikisha kikomo ni cha kila mtu sio cha familia nzima mgawane. Wakala akupe orodha ya vituo kwa maandishi, utafute cha Mtwara mjini, Lindi au Masasi. Kisipokuwepo hata kimoja mrudishie kalamu yake.

Ya nne, kambi za macho za bure. Zikija nenda, mpeleke na bibi, ila huwezi kupanga maisha kwa kitu ambacho hujui kinakuja lini.

Ya mwisho ni miwani ya mezani, ile ya sokoni unajaribisha kwa kusoma risiti. Watu wa hospitali wanaichukia kuliko inavyostahili. Kama umegonga 40 na kitu, mbali unaona safi, shida yako ni kutunga uzi na kusoma meseji, ile ya +1.00 au +1.50 itakusaidia. Shida ni kwamba pande zote mbili zina nguvu sawa, wakati ukipimwa vizuri unaweza kukuta karatasi imeandikwa kulia +1.25 kushoto +2.00, na kama kuna namba kwenye CYL (sehemu ya kurekebisha jicho lisilo na mviringo sawa), ya mezani haikufai kabisa. Hiyo karatasi omba uondoke nayo, ni yako, unaweza kuizungusha maduka matatu ukalinganisha bei. Mtoto usimnunulie ya mezani. Na hata wewe, kabla ya kuinunua kapimwe presha ya macho mara moja, maana ukishaanza kusoma vizuri utaona macho hayana shida na kliniki hutaenda tena.