Ofisi ya ruzuku chuoni kwetu: dada nampa nyota tano, sahihi naipa moja

Wiki hii pekee nshaulizwa na watu watatu ati ile ofisi ya kusaidia watafiti kuomba ruzuku inasaidia kweli ama ni kupanda ngazi bure, basi naandika hapa mara moja nisirudie rudie. Jina la chuo nalihifadhi, bado nala mshahara pale.

Mimi natafiti vidudu vya kwenye tope la mikoko hapa Tudor, Mombasa. Mwaka jana wenzangu wa Ulaya wakanialika tuombe pamoja pesa za Horizon Europe, ule mfuko wa utafiti wa Umoja wa Ulaya wa 2021 hadi 2027, na chuo cha Kenya kinaruhusiwa kupata fungu lake mle. Sasa mimi nlikuwa nimezoea viruzuku vidogo vidogo, najaza mwenyewe usiku watoto wakishalala, nkaona na hii ntaimaliza hivyo hivyo. Wee! Siku ya kwanza tu wakataka PIC ya chuo, namba ya tarakimu 9 ambayo kila taasisi inasajiliwa nayo kule, nkauliza idara nzima hakuna aijuaye, mwenzangu mmoja kwa roho safi kabisa akanipa PIN yake ya KRA, ile ya kulipia kodi.

Ndio nkapanda ghorofa ya pili. Nlimkuta dada mmoja, faili zimemzunguka kama kuta za Fort Jesus na juu ya faili moja kisahani cha mahamri. Nkamwambia shida yangu, akanitajia ile namba kwa kichwa bila kufungua kompyuta, halafu akaniuliza, "Bajeti yako iko wapi, dokta?"

Nkamwonyesha, najivunia kwelikweli. Akatazama mstari wa mshahara wangu. "Hii umeitoa wapi?" Nkamwambia nimekadiria. Hakunicheka, aliniambia tu niende nirudi na pesilipu. Kumbe nlikuwa nimepiga hesabu kwa pesa inayonifikia mkononi, baada ya kodi na mikopo na sako! Hesabu yao inaanza na mshahara mzima wa mwaka kabla haujakatwa chochote, ujumlishe na anachokuchangia mwajiri kwenye pensheni na mengineyo, kisha ugawe kwa 215, hiyo ndio bei ya siku yako moja ya kazi, halafu uzidishe na siku utakazofanya kwenye mradi. Alinipigia mbele yangu kwa kalkuleta ya zamani ile yenye vidude vikubwa vya kubonyeza, na nilivyoona tofauti nkataka kukaa chini. Na zile gharama za chuo zisizo za moja kwa moja, stima, maji, karani, mimi niliweka 10 kwa mia nikidhani naonyesha adabu, na kule ni 25 kwa mia, kiwango kimoja kwa wote, huulizwi na huthibitishi.

Halafu akasoma maelezo ya mradi, jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu wa ofisini, wallahi. Akaweka kidole pale nlipoandika sampuli zitapelekwa maabara Ulaya. "Hili tope latoka nchini kwa kibali cha nani?" Mimi akili yangu yote ilikuwa kwa leseni ya NACOSTI, ile tume ya serikali inayoruhusu utafiti, na karatasi ya kamati ya maadili inayotangulia, kibali cha NEMA, wale wa mazingira, cha kuchukua viumbe kwa ajili ya vinasaba vyake kilinitoka kabisa. Pia akanikumbusha leseni ya NACOSTI ni ya mwaka mmoja na mradi wetu ni wa miaka minne, kwa hivyo kule kuifufua kila mwaka kuwe kwenye ratiba tangu mwanzo.

Ukutani kabandika karatasi ya saa za mwisho za kutuma maombi, imeandikwa kwa kalamu nene. Brussels hufunga saa kumi na moja jioni yao: hapa ni saa kumi na mbili jioni, na wao wakirudisha saa nyuma mwisho wa Oktoba inakuwa saa moja usiku. Wale NIH wa Marekani, wanaotoa ruzuku za utafiti wa afya, ni saa kumi na moja ya pale alipo mwombaji, yaani ya Mombasa hii hii. Nawajua watu na shahada zao waliolala wakifikiri Marekani kungali mchana.

Sasa machungu. Barua ya ukurasa mmoja tu, ya kusema chuo kinaukubali mradi, ilikaa siku tisa ikingoja sahihi. Mkubwa kasafiri, anayemkaimu anasema hana mamlaka, barua pepe zangu hazijibiwi, mwisho wake nlikuwa naenda kusimama mlangoni kila asubuhi kama mdai. Dada hana kosa hapo, naye alikuwa akipiga simu mpaka sauti ikamkauka. Lakini huduma ni huduma, mtafiti hagawi lawama kwa ghorofa.

Na ukishapata pesa ndio utaona mambo. Mradi wangu wa zamani nlitaka kumlipa nahodha wa mtumbwi anipeleke mikokoni maji yakijaa, watu wa hesabu wakataka kotesheni tatu na risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya watu wa kodi. Nahodha nlipomwambia alinitazama kwa muda, akaniuliza kama huyo eTIMS naye anapanda ama abaki.

Kuna jamaa mjini pia wanaojiita washauri, hukuandikia kila kitu kwa makubaliano uwape asilimia ruzuku ikiingia. Mmoja alitaka 10. Mwulize utaitoa kwenye mstari gani wa bajeti, mimi nlipomwuliza ikawa mwisho wa mazungumzo.

Matokeo yenyewe: tulipata 12.5 kati ya 15. Kizingiti ni 10, kwa hivyo tulivuka, ila pesa ziliishia kwa waliotuzidi. Wakaguzi walitusema kwa mengine, sehemu ya manufaa kwa jamii ndio ilitumaliza, lakini kwenye fungu letu la bajeti hawakuandika neno.

Ukitaka kwenda, nenda miezi miwili kabla na pesilipu mkononi, asubuhi, si Ijumaa baada ya saa tano. Ile barua ya sahihi iombe siku hiyo hiyo ya kwanza hata kama kichwa cha mradi hakijatulia. Sisi twarudia ombi na mimi barua yangu nshaipeleka kutiwa sahihi, iko ndani tangu Jumatatu.