Vitabu vya kujiandaa na mtihani wa PMP: nilivyovipima nikiwa Chake Chake

Kwa miezi saba ya mwaka 2023 nilikuwa najiandaa na mtihani wa PMP, cheti cha usimamizi wa miradi kinachotolewa na Project Management Institute (PMI), taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1969. Katika miezi hiyo vitabu sita vilipita mikononi mwangu, vingine kwa kununua na vingine kwa kuazima. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wa Pemba na Unguja ambao kila tukikutana huniuliza wanunue kipi, kwa sababu huku kwetu mtu hapati nafasi ya kukifunua kitabu cha aina hii kabla ya kukilipia: huagizwa Dar es Salaam au ng'ambo, hupanda boti, na kikishafika ndipo mnunuzi anapojua alichokinunua. Jibu langu ni moja. Kitabu cha maandalizi kipimwe kwa namna kinavyoyaeleza majibu yasiyo sahihi, wala si kwa unene wake au idadi ya maswali iliyotangazwa kwenye jalada.

Kabla ya kitabu chochote, mtahiniwa apakue muhtasari wa mtihani, waraka ambao PMI huutoa bure kwenye tovuti yake na ambao ndio msingi wa maswali yote. Muhtasari nilioufuata mimi ulianza kutumika Januari 2021. Humo asilimia 42 ya maswali huhusu watu, asilimia 50 huhusu mchakato wa kazi, na asilimia 8 huhusu mazingira ya taasisi inayoendesha mradi. Tena takriban nusu ya mtihani mzima hutokana na mitindo ya ajaili na mseto. Ajaili ni mradi unaokwenda kwa vipande vifupi na kurekebishwa kila kipande kinapokamilika, badala ya kupangwa wote tangu mwanzo; mseto huichanganya mitindo hiyo miwili. Muhtasari huu hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na kitabu kilichotungwa kwa muhtasari uliopita hakimsaidii mtu kwa sababu tu kimebandikwa jalada jipya. Mwenzangu mmoja tuliyekuwa tukisoma pamoja alishikamana kwa miezi mitatu na kitabu cha mwaka 2018, akajua kwa moyo michakato yote 49 ya usimamizi iliyofundishwa humo, na alipofanya jaribio lake la kwanza akakuta karibu nusu ya maswali yanahusu mambo ambayo kitabu chake kimeyapa sura moja fupi. Alihuzunika sana, na haki yake. Ndiyo maana nasisitiza mnunuzi autazame kwanza mwaka wa kuchapishwa, kisha alinganishe yaliyomo na muhtasari utakaokuwa unatumika siku atakayoketi kwenye mtihani.

Wengi huanza na PMBOK Guide, mwongozo wa PMI yenyewe wa usimamizi wa miradi, na wengi hukwama humo humo. Toleo la 6, la mwaka 2017, lina zaidi ya kurasa 700. Limeigawa kazi ya meneja katika makundi 5 ya michakato na maeneo 10 ya maarifa, na kila mchakato umeelezwa kwa mahitaji yake, zana zake na matokeo yake. Toleo la 7, la mwaka 2021, halifiki kurasa 400 na limeuacha kabisa mpangilio huo. Limejengwa juu ya kanuni 12 na nyanja 8 za utendaji. Toleo la 8 lilifuata mwaka 2025, mimi nikiwa nimeshamaliza. Mimi nililisoma la 7 mara mbili, na la 6 nikaliweka kando kama kamusi ya kutazamia neno au mchoro nilipokwama, na mpaka leo naona huo ndio uzito unaostahiki. PMBOK ni kitabu cha viwango. Hakikuandikwa kumwandaa mtu kwa mtihani, hakina maswali ya kujipima, na mtihani hautungwi kutokana nacho peke yake. Aliyejiunga na PMI hupakua nakala yake ya PDF bila kulipia zaidi, na uanachama huohuo humpunguzia ada ya mtihani, kwa hiyo mtu apige hesabu ya uanachama kwanza kabla hajaagiza kitabu cha karatasi.

Agile Practice Guide, ambacho PMI ilikitoa mwaka 2017 kwa kushirikiana na Agile Alliance, ni chembamba na kinasomeka kwa wiki mbili za jioni. Kwa mtu aliyekulia kwenye miradi ya wafadhili, ambamo kila kitu hupangwa na kutiwa saini kabla jembe halijashikwa, kitabu hiki hakina mbadala. Mimi sikuwahi kuiona kwa macho yangu timu ya skramu, ambayo ni namna mojawapo ya kufanya kazi kwa ajaili, na ni humo nilimoelewa kwa nini timu ikutane kila siku kwa dakika chache na kwa nini orodha ya kazi iwe inapangwa upya kila mara.

Sasa nije kwenye vitabu vya maandalizi vyenyewe, ambako ndiko fedha nyingi hupotea. Nilikuwa navyo viwili. Cha kwanza kilikuwa kinene kama tofali, na jalada lake likijisifu kwa mamia ya maswali; cha pili kilikuwa nusu ya unene huo na maswali yake yalikuwa machache mno. Sivitaji kwa majina, kwa kuwa nataka kuonesha kipimo ambacho msomaji atakitumia kwa kitabu chochote atakachokutana nacho. Nitatoa mfano wa swali nililolitunga mwenyewe kwa sura ya yale yaliyokuwamo. Meneja anasimamia mradi wa kuvuta maji kijijini. Kiongozi wa kijiji anamwomba fundi wa timu aongeze bomba moja ambalo halimo kwenye mpango uliokubaliwa, na fedha za akiba zipo. Meneja afanye nini kwanza: alikatae ombi, alipeleke kwa mfadhili, achunguze athari zake, au aliongeze bomba kwa vile fedha zipo?

Kwa swali la namna hii, kitabu kinene kilikuwa kinajibu kwa mstari mmoja: jibu sahihi ni la tatu, tazama sura fulani. Kitabu chembamba kilikuwa kinatumia karibu nusu ukurasa. Kilieleza kwamba kulikataa ombi papo hapo ni kumfungia mdau mlango kabla hajasikilizwa. Kwamba kulipeleka kwa mfadhili bila ya kujua litagharimu nini na litachelewesha nini ni kumtwika mfadhili kazi ya meneja. Kwamba kuongeza bomba kwa sababu tu fedha zipo ni kuubadilisha mradi pasi na idhini. Na kwamba baada ya kuchunguza athari ndipo ombi hupelekwa kwenye utaratibu wa mabadiliko ili likubaliwe au likataliwe na wenye mamlaka. Aliyesoma maelezo kama hayo mara moja atalijibu hata swali jingine lenye sura tofauti, liwe la skuli, la barabara au la programu ya kompyuta. Aliyeoneshwa jibu la tatu tu, amejifunza jibu la swali lile moja.

Swali hilo lilinigusa kwa sababu lilishanipata kazini. Nimewahi kukaa barazani kwa sheha mmoja kaskazini mwa Pemba, baada ya shikamoo na kahawa, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, bomba moja tu hilo, watoto wa madrasa wapate pa kutilia udhu." Nikamjibu, "Inshaallah, sheha, tutaliangalia," na moyoni nilikuwa nimeshalikubali, kwani nani atamkatalia mtu mzima jambo la kheri kama hilo? Bomba likawekwa. Wiki tatu baadaye nyumba za mwisho wa mtaa zikalalamika kwamba maji yanafika kwa kudondoka, kwa sababu hakuna aliyepima nguvu ya maji kabla ya kuongeza tawi lile. Sheha hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu mimi niliyekubali bila ya kupima. Kitabu kilichoniandikia nusu ukurasa kuhusu swali la aina hii kilinifundisha namna ya kulisikiliza ombi kwa heshima na bado kulipitisha kwenye utaratibu wake, na kwa hilo peke yake naona thamani yake ilirudi.

Kipimo changu cha pili ni hesabu. Zifungue kurasa za thamani ya kazi iliyokamilika, uone kama mwandishi anakupa fomula tupu au anakueleza inasema nini. Chukua mradi wa shilingi milioni 100, ambao kazi iliyofanyika ina thamani ya milioni 40, ilhali fedha zilizotumika ni milioni 50. Gawanya 40 kwa 50, upate 0.8, maana yake ni kwamba kila shilingi iliyotoka imeleta kazi ya senti 80 tu. Gawanya bajeti yote kwa hiyo 0.8, upate milioni 125, nayo ndiyo gharama ya kutarajia mwisho wa mradi ikiwa mwenendo hautabadilika. Kitabu kizuri hakiishii hapo. Humuuliza msomaji atamwambia nini mfadhili.

Kipimo cha tatu ni namna kitabu kinavyotenganisha hatari na tatizo, maneno ambayo katika mazungumzo yetu ya kila siku huchanganywa. Hatari ni jambo ambalo huenda likatokea, tatizo limeshatokea. Katika kikundi chetu cha watu watano, tuliokuwa tukikutana kila Jumamosi baada ya alasiri kwenye baraza ya nyumba moja Machomane, jambo hili lilitusumbua mpaka mmoja wetu aliyekuwa akiishi Unguja alipotukumbusha giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010. Wakati ule Unguja yote ilitegemea kebo moja ya umeme ya chini ya bahari. Umeme ulipokuwa unawaka, utegemezi ule ulikuwa hatari, na mahali pake ni kwenye daftari la hatari pamoja na mpango wa kujikinga. Ulipokatika, ukawa tatizo, na watu wakabakia na jenereta na mishumaa kwa takriban miezi mitatu. Kebo mpya ya megawati 100 iliyozinduliwa mwaka 2013 tuliihesabu kuwa jibu la hatari ileile isirudi. Baada ya mfano huo hakuna aliyekosea tena. Nilipokirudia kile kitabu kinene, nilikuta kimeyafafanua maneno hayo mawili kwenye kurasa mbili tofauti bila ya kuyakutanisha hata mara moja.

Kuna bidhaa nyingine inayouzwa kwenye makundi ya simu kwa jina la "maswali halisi ya mtihani". Naomba msomaji asiinunue. Kila mtahiniwa wa PMP huikubali kanuni ya maadili ya PMI, yenye nguzo za uwajibikaji, heshima, haki na ukweli, na kusoma maswali ya wizi ni kuivunja kanuni hiyo kabla ya kuupata huo uanataaluma wenyewe. Isitoshe, katika nakala niliyooneshwa, majibu kadhaa yalikuwa yanapingana na PMBOK yenyewe.

Kwa mazoezi ya mwisho nilitumia Study Hall, huduma ya PMI yenyewe inayotumika kwa intaneti. Maswali yake yamepangwa kwa daraja za ugumu, na yale ya daraja ya juu yanaweza kumvunja mtu moyo. Mimi niliyaacha mpaka mwezi wa mwisho, na naona ndivyo inavyofaa. Faida yake kubwa ni majaribio kamili. Mtihani niliojiandaa nao ulikuwa na maswali 180 kwa dakika 230, yaani dakika moja na robo hivi kwa swali, pamoja na mapumziko mawili ya dakika kumi kumi, na ukishatoka kwenye mapumziko huwezi kuyarudia maswali uliyoyapita. Jambo hilo hakuna kitabu cha karatasi kinachoweza kumzoesha mtu. Mtihani hautolewi kwa Kiswahili, ingawa Kiarabu kimo miongoni mwa lugha zake, kwa hiyo katika kuchagua kitabu cha Kiingereza nashauri kichukuliwe chenye sentensi fupi na faharasa nzuri ya istilahi, hata kama kina sifa ndogo kuliko vingine.

Jambo la mwisho ni vitabu vilivyotumika. Kile chembamba nilichokisifu nilikiagiza mara mbili. Nakala ya kwanza, iliyouzwa na duka moja la mjini kama "safi", ilifika ikiwa mwenyewe wa mwanzo ameyatilia alama majibu yote kwa kalamu ya wino, baadhi yakiwa ya makosa, na jicho likishaliona jibu haliwezi kujisahaulisha. Muuzaji hakukubali kuirudisha. Tangu hapo, kabla ya kulipia, huomba nipigiwe picha kurasa tatu za maswali kutoka katikati ya kitabu, na muuzaji anayesita simlipi. Nakala ya pili niliijibu yote kwenye daftari la kurasa 96, sikuiwekea hata nukta. Sasa iko Wete, kwa dada mmoja anayefanya kazi kwenye mradi wa mikoko, na mtihani wake ni mwezi wa tatu.