Kioo kirefu cha Kariakoo: mimi nakipa nyota nne, paka tatu, mbwa hata hakijali

Wakuu, nimenunua kile kioo kirefu cha kusimama chenye fremu nyeusi, elfu tisini baada ya kuvutana sana maana jamaa alianzia laki na ishirini, na kwa hela hiyo kipo vizuri, kizito, hakikudanganyi unene wala wembamba. Kasoro ni mguu wa nyuma, nati zimelegea toka siku ya kwanza, halafu dereva wa bajaji akakilaza chali njia nzima kona moja ikachubuka. Ya kioo ndo hayo, sasa wenye wanyama ndani njooni huku.

Paka wangu Pili kukiona tu akavimba mkia, akatembea ubavu ubavu, halafu akazunguka nyuma kumtafuta mwenzie. Akakuta ukuta. Akarudi mbele, mwenzie yupo. Nyuma tena, hayupo! Nilicheka mpaka machozi. Siku ya tatu akamsusa kabisa, ila juzi nimemjia kwa nyuma kimya kimya na sahani ya dagaa, akaiona kwenye kioo na wala hakukivamia, akageukia kwangu moja kwa moja. Ehe, kumbe kioo anakielewa?

Nikampaka unga kidogo kwenye paji la uso (Pili ni mweusi tii) nione kama atajipangusa. Huo ndo mtihani wa Gordon Gallup wa Marekani, mwaka 1970 aliwapaka sokwe rangi nyekundu kwenye nyusi na sikio wakiwa wamelazwa kwa dawa, walipoamka wakajiona wakawa wanajishika palepale penye rangi. Pili wangu kajitazama, kapiga mwayo, kaondoka na unga wake.

Mtasema basi paka hajijui. Taratibu jamani. Tembo mmoja wa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, anaitwa Happy huo mtihani aliupita, matokeo yakatoka 2006, na 2019 wakasema hata kale kasamaki kanakosafisha samaki wenzie kwenye matumbawe kamefaulu, ukipiga mbizi Zanzibar unakaona. Yaani kasamaki kajijue halafu Bosi, mbwa wangu anayeitambua pikipiki yangu ikiwa bado kona ya tatu, asijijue?

Bosi alibweka mara moja, akanusa kioo, akapata harufu ya sabuni, akaenda zake kulala. Kwake yeye kisichonuka hakipo, sasa unampimaje mtu wa pua kwa macho? Kuna profesa wa Colorado, Marc Bekoff, kwa misimu mitano ya baridi alikuwa anahamisha theluji iliyokojolewa, ya mbwa wake Jethro na ya mbwa wengine (majirani sijui walimwonaje), akakuta Jethro ya kwake haipi muda kama ya wenzie. Halafu 2017 Alexandra Horowitz wa New York akachanganya harufu ngeni kwenye mkojo wa mbwa mwenyewe, mbwa wakaunusa muda mrefu kuliko mkojo wao mtupu, kama vile wewe ukiona doa kwenye shati lako lazima usogee uangalie vizuri.

Mi theluji sina ila geti ninalo. Asubuhi Bosi akifika pale alipokojoa mbwa wa jirani anagota, pua chini, namvuta haji, hatua mbili mbele pana pake mwenyewe na anapita kama hapaoni. Kwangu mimi huyo anajijua, hizo habari za vioo tuachie sie tunaovaa nguo.

Kwa hiyo ukikinunua kwa ajili ya mbwa umetupa hela. Ukiwa na paka, muuzaji akukazie nati za nyuma kabla hujatoka dukani, maana Pili sikuhizi analala hukohuko kati ya kioo na ukuta, akijinyoosha tu mguu unalia kwiii na mimi kwenye kioo naanza kuinama taratibu, shati bado sijafunga vifungo.