Injini ya gari nilojiundia ilishika kabisa: uzoefu wangu na fundi wa kuja nyumbani, Likoni

Nimekaa na hili jambo wiki tatu nikaona wacha niandike, kwa sababu najua hapa Pwani wako wengi wana gari imelala uani na wameshaambiwa injini imekufa. Mie niliambiwa hivo hivo, na karibu nitoe pesa.

Gari yenyewe si ya kiwandani. Nimeiunda hapa nyumbani Likoni mie na mwanangu kwa miaka miwili, chesisi ya paipu za mraba tumechomelea wenyewe, injini na giaboksi tumetoa kwa Toyota LiteAce ya zamani, ile 5K ya karbureta, CC 1486, blok ya chuma na cheni ya taiming. Nliichagua sababu imekaa kwa urefu inapeleka nguvu nyuma, halafu hakuna fundi Mombasa asoijua. Ekzosi tuliitengeneza wenyewe pia, paipu nne zatoka kwa hedi zapanda juu moja kwa moja. Hiyo ekzosi ishikeni, ntairudia.

Mwezi wa nne masika ilipoanza nikaiegesha chini ya mwembe, ilikua nzima, yawaka mara moja, nikaitupia turubai nikaenda zangu na mambo mengine. Mwezi wa saba nachaji betri napiga ufunguo, yasema "ta!" mara moja, taa zafifia, basi. Nikaita vijana wa mtaani tukaisukuma kwa gia ya tatu, magurudumu ya nyuma yakaburura mchanga tu hayazunguki. Hapo moyo ulinienda mbio wallahi, maana miaka miwili si mchezo.

Fundi wa kwanza nlomwita alisimama hapo kama dakika kumi, akapiga stata mara nne tano kwa nguvu, akasema imenoki, tafuta injini nyingine, na yeye anayo moja, elfu sitini pamoja na kuifunga. Dipstiki hakuichomoa. Plagi hakuzigusa. Nilimwambia ntafikiria.

Huyu wa pili nlielekezwa na jirani. Ni barobaro, hana gereji, yeye aja kwako na begi la spana na kisanduku cha vipimo, kuangalia tu atoza elfu tatu hata kama hatatengeneza kitu. Nliona ni ghali kwa kazi ya kuangalia, sasa hivi sioni tena. Alichelewa masaa mawili na nusu akasema ni feri, na siku hiyo kweli foleni ilikua mbaya, lakini simu angepiga.

Alipofika hakufungua begi. Alikaa kwenye kigoda akaniuliza, "Ami, gari ilizima yenyewe ikitembea, ama uliiegesha ikiwa nzima?" Nikamwambia niliiegesha nzima. Akauliza iliwahi kuchemka? Oili ya mwisho lini? Turubai yafunika mpaka wapi? Akanieleza kwamba injini iloshika barabarani kwa kukosa oili au kuchemka ina ugonjwa wake, beringi zimeng'ang'ania kranki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni) au pistoni imevimba kwa moto, na iloshika imesimama ina ugonjwa mwingine, mara nyingi maji na kutu. Na akasema mtu asipige stata kabla ya kujua, maana maji hayabanwi kama hewa, kukiwa na maji juu ya pistoni halafu ukalazimisha, waweza kupinda konrodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na kranki. Nikakumbuka yule wa kwanza na ufunguo wake nikanyamaza.

Halafu akaanza kutoa kimoja kimoja kutoka nje kuingia ndani. Akaweka nyutro akasukuma gari, ikaenda, kwa hiyo difu na breki ziko sawa. Akakanyaga klachi akatia gia, ikaenda pia, giaboksi imetoka kwenye kesi. Akalegeza fenibelti akazungusha alteneta na pampu ya maji kwa mkono, zote zazunguka, sababu akasema wako watu wamefungua injini nzima kumbe ni beringi ya alteneta. Akashusha stata, maana meno yake yaweza kunasa kwa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya kranki, na ukadhani ni injini. Akatia soketi na bomba refu kwa bolti ya kranki mbele, akaegemea kidogo tu. Haikusogea.

Ndo akatoa plagi, akazipanga kwa karatasi ya boksi moja mpaka nne. Namba moja, mbili na nne zilikua kavu rangi ya kahawia, ya tatu ilikua nyekundu kwa kutu mpaka kwa uzi. Akatia ile kamera nyembamba ya waya inayochomekwa kwa simu, tukaangalia sote watatu. Zile silinda nyingine zote tatu safi, unaona hata mistari ya honi, ile mikwaruzo midogo ya ukutani tangu ilipotengenezwa. Namba tatu, jamani, kuta zote zimeota kutu na maji ya rangi ya chai yametuama juu ya pistoni.

Nikauliza mbona moja tu? Hapa ndo alipata heshima yangu. Aliinuka akaangalia ekzosi yangu, akatazama juu mwembeni, akasema mvua iliingilia hapa. Injini ya silinda nne ikisimama, karibu kila mara kuna silinda moja ambayo valvu yake ya ekzosi (mlango wa kutolea moshi) imebaki wazi, na paipu zangu zilikua zatazama mbinguni na turubai lilikua limetoboka papo hapo. Maji yameshuka kwa paipu ya tatu yakapita valvu yakakaa miezi. Gari ya kiwandani haingefanya hivo, ni mchoro wangu mie. Fundi anayeangalia injini bila kuangalia gari ilivoundwa hangeliona hilo hata kidogo.

Akamwaga oili: kwanza yakatoka maji kama nusu kikombe, halafu oili nyeusi. Akaipitisha kwa kitambaa akitafuta vipande vya chuma vinavyong'aa, akakata filta akaifungua vilevile. Hakuna. Kwa hiyo beringi hazikuumia, tatizo ni ringi za pistoni moja zimeshikana na ukuta kwa kutu.

Dawa: akavuta yale maji kwa sirinji, akatia mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu, akaziba na kitambaa, akasema siku nne isiguswe, na sigara mbali. Aliporudi akaegemea bomba, ikasogea kama upana wa ukucha. Akarudisha, akasogeza, akarudisha, akiangalia bolti ya kranki isilegee, karibu saa nzima, mpaka ikazunguka duru kamili. Mwanangu alipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Tukazungusha kwa stata plagi zikiwa nje, uchafu ukaruka, oili mpya, ikawaka jaribio la tatu na moshi mwingi sana. Baada ya nusu saa tukamwaga oili hiyo pia tukatia nyingine.

Vipimo vya mbano, yaani hewa inavyobanwa ndani ya silinda, kwa psi: 160, 155, namba tatu 105, namba nne 160. Hakunificha, alisema silinda hiyo itakula oili kidogo na huenda siku moja nitafungua hedi, ila si leo. Jumla nimelipa elfu sita mia tano, safari zote tatu, bila oili.

Nampa nyota nne. Ile moja ni ya kuchelewa, na kwamba haandiki chochote, vipimo vyote nimeandika mie nyuma ya risiti ya oili. Kamera kama yake nimenunua pia, elfu mbili, yatosha ila punguza taa yake, juu ya pistoni yang'aa mpaka huoni kitu, na bila kile kioo cha pembeni valvu hutaziona.

Ekzosi tumeikata tumeielekeza pembeni kwa chini, na ikilala naifunika kikopo. Juzi tumepima namba tatu tena baada ya wiki mbili za kuzunguka: 125.