Nishati ya kupikia Mtwara na Lindi: ipi inakula hela kidogo?

Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakaingia, nyumba nyingi za Newala, Tandahimba na Masasi huwaza bati na pikipiki. Jiko halimo kwenye hesabu. Hela ikiisha, mkaa unanunuliwa kisado kwa kisado mpaka msimu mwingine. Huu ni mpangilio wangu, kuanzia nishati nafuu hadi ya ghali, kwa nyumba ya watu watano hivi.

Kwanza, walio Mtwara mjini ambao bomba la gesi asilia la TPDC, shirika la mafuta la taifa, limepita mtaani kwao: ombeni kuunganishwa, mengine yote hapa chini hayawahusu sana. Sisi wengine tukumbuke kwamba gesi ya mtungi haitoki kwenye visima vya gesi asilia vya Msimbati, Mtwara. Inaletwa kwa meli kutoka nje, kwa hiyo kukaa jirani na visima hakutupunguzii bei hata senti.

1. Jiko la presha la umeme
Mbaazi kavu, kunde na makongoro ndivyo vinavyomaliza mkaa. Kwenye presha, chungu cha mbaazi hakifikishi uniti moja. Mwenye matumizi madogo hulipa takribani shilingi 122 kwa uniti, aliye kundi la kawaida takribani 356. Linganisha na fungu la mkaa linalochemsha mbaazi hizohizo mtaani kwako. Angalizo: kundi la chini lina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, yaani uniti mbili na nusu kwa siku, friji na taa humohumo. Ukizidisha, bei inaruka. Kwa ugali jiko hili halifai kabisa, usidanganywe na muuzaji.

2. Mtungi wa kilo 15
Huu ni wa ugali, chai na samaki. Kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo tatu hadi nne za mkaa, kutegemea jiko. Gawa bei ya kujaza kwa idadi ya kilo kabla hujachagua. Mtungi wa kilo 6 ni mwepesi kuubeba, lakini mara nyingi kila kilo inakugharimu zaidi. Dukani, dai mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake: ongeza 15, mshale usome hapo. Lakiri ikiwa imelegea, rudisha. Muuzaji anayenuna ukitaja mizani, mwache na mtungi wake.

3. Mkaa wa gunia
Unafaa ukinunuliwa Septemba au Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Zikishaanza, njia zinaharibika, mkaa unalowa na bei inapanda. Usilipe kwa kutazama mdomo wa gunia uliojazwa lumbesa na kufunikwa majani. Inua kidogo, upapase chini: ukisikia chenga tupu, hapo unanunua vumbi. Hifadhi juu ya mbao, si sakafuni. Na jiko liwe la udongo ndani, la bati tupu linapasha moto ua mzima.

4. Mkaa wa kisado au fungu
Wa mwisho, na kwa mbali. Jumlisha visado vya wiki nne uone kama havijapita bei ya gunia. Hela ya gunia ikiwa haipo, changeni na jirani mgawane kwa ndoo siku hiyohiyo, kila mmoja akishuhudia.