Nimemuunganisha msaidizi wa AI na kihisi cha hali ya hewa: uzoefu wangu Dagoretti

Niseme mapema kwamba mtambo huu umenipendeza na sina mpango wa kuung'oa. Ila ukitaka kuujaribu hapa Nairobi, mfundishe kwanza msaidizi wako kuhusu mgandamizo wa hewa, la sivyo atakutangazia mvua kila alasiri.

Kihisi chenyewe ni BME280 cha Bosch, kinachopima joto, unyevu na mgandamizo. Kimeungwa kwenye ESP32, kibao kidogo cha kielektroniki chenye Wi-Fi, na namba zake huingia Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, iliyo kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi sebuleni. Msaidizi huzisoma hapo kwa njia ya MCP, itifaki ya kuunganisha AI na programu nyingine, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024. Unaponunua, kuwa macho: BMP280 inafanana nacho sana lakini haipimi unyevu. Namba ya utambulisho ya chipu ikisomeka 0x60 ni BME, 0x58 ni BMP.

Sasa huo mgandamizo. Dagoretti Corner iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kihisi husoma hektopaskali (kipimo cha mgandamizo) kama 820. Msaidizi alipoiona namba hiyo alinionya kuhusu dhoruba kali, maana alilinganisha na 1,013, ambayo ni kawaida ya pwani. Hilo liliisha nilipomwandikia mwinuko wa nyumba kwenye maelekezo yake ya kudumu.

La pili lilihitaji subira. Katika tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, mvua iwepo isiwepo. Hufika juu mwendo wa saa nne, asubuhi na usiku, na hufika chini mwendo wa saa kumi, alfajiri na jioni. Kanuni aliyokuja nayo msaidizi, kwamba mgandamizo ukishuka mvua iko njiani, inawafaa zaidi watu wa Ulaya. Kwetu lazima alinganishe na saa kama hiyo jana. Na kwa kuwa huona hali ya sasa tu, niliongeza thamani mbili ndani ya Home Assistant: tofauti na jana saa hiyo hiyo, na badiliko la saa moja iliyopita.

Hapo ndipo majibu yalipoanza kuwa na maana. Mke wangu huandika tu, "Nianue nguo?" Siku moja alijibiwa: "Unyevu umepanda kutoka asilimia 52 hadi 71 kwa saa moja, na joto limeshuka nyuzi 4. Anua." Napenda kwamba msaidizi anataja vipimo kabla ya ushauri, kwa hiyo unaweza kupima mwenyewe kama ushauri unaingia akilini.

Kwa mvua ndefu za Machi hadi Mei bado nafuata Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Kihisi cha nyumba moja hakiwezi kuona wingu lililo Ngong.

Mahali pa kukiweka ni muhimu mno. Usikifunge chini ya mabati, kwa sababu saa saba mchana kitakupa joto la bati. Changu kimo kwenye kisanduku cheupe chenye matundu, upande wa kivuli. Stima ikipotea kila kitu huzima, hivyo ruta na Pi ziko kwenye betri ndogo.

Mwisho, kwenye Home Assistant mruhusu msaidizi aone vipimo hivyo tu. Taa, kamera na kufuli la mlango havimhusu.